Choo cha RV kikinuka, kikiziba au kikivuja: uanzie wapi kutafuta chanzo

Wapo ndugu zetu Marekani na Kanada wanaoishi kwenye RV, yaani gari lililojengwa kama nyumba, kwa miezi au miaka: muuguzi anayefuata mikataba ya wiki 13 kutoka jimbo hadi jimbo, fundi wa ujenzi anayehama na mradi, familia iliyochoshwa na kodi ya nyumba. Jiko la gesi wanalijua tangu nyumbani, na umeme wa gari wanauzoea haraka. Choo ndicho kinachowasumbua, na wengi hukimbilia kununua chupa ya dawa kabla ya kujua kilichoharibika ni nini. Dawa hiyo haitaziba sili (mpira wa kuzibia) iliyochakaa, wala haitafungua bomba la hewa lililojengewa kiota na ndege. Kwanza tafuta chanzo.

Ili uweze kukitafuta, lazima ujue choo hiki kilivyo. Choo cha nyumbani kina maji yaliyosimama kwenye kona ya bomba, na maji hayo ndiyo yanayozuia harufu isirudi ndani. Choo cha RV hakina kona hiyo. Chini ya bakuli kuna kifuniko kinachofunguka unapokanyaga kanyagio, na chini yake bomba la inchi 3 linashuka hadi kwenye tangi, mara nyingi wima kabisa. Tangi hilo la haja huitwa tangi jeusi; maji ya sinki na ya kuogea huenda kwenye tangi jingine, la kijivu. RV nyingi zina tangi jeusi la galoni 20 hadi 50, yaani lita 75 hadi 190 hivi. Juu ya tangi kuna bomba la hewa linalopanda hadi kwenye paa, na chini kuna bomba la kutolea lenye geti linalovutwa kwa mkono. Basi. Kifuniko, tangi, bomba la hewa na geti: karibu kila dalili itakurudisha kwenye kimojawapo cha hivyo vinne.

Chanzo kikubwa cha matatizo, kuliko vyote, ni maji kidogo. Mtu anaogopa tangi lisijae upesi, hivyo anaflashi kwa kikombe cha maji. Haja na tishu zinabaki kavu, zinagandamana, na siku ya kumwaga kinachotoka ni majimaji tu. Tangi jeusi linataka maji. Ukikumbuka hilo peke yake, nusu ya matatizo yaliyoandikwa hapa chini hutayaona.

Kabla ya kugusa chochote

Vaa glavu za nitrile za kutupa, na uwe na jozi mbili, kwa sababu utataka kushika kitu safi katikati ya kazi. Mpira wa kuoshea tangi uwe wa rangi yake na usiwahi kukaribia bomba la maji ya kunywa. Uhifadhi mbali kabisa na ule wa maji safi. Usivute sigara wala kuwasha moto karibu na bomba la kutolea, kwani tangi hutoa methani inayoshika moto na haidrojeni salfaidi ambayo ni sumu. Na jiki, yaani dawa ya klorini, usiimwage kwenye tangi hili. Ikikutana na amonia iliyo kwenye mkojo hutoa gesi inayochoma mapafu, na pia hukausha sili za mpira unazozitegemea zisivuje.

Bakuli limejaa na halishuki

Usianze kwa kuchokonoa. Kwanza jiulize kama tangi limejaa kweli. Taa za kipimo hudanganya sana, nitazifikia. Unganisha bomba la kumwagia na shimo la maji taka, fungua geti, na uangalie kinachopita. Ikiwa mtiririko ni mkubwa na bakuli linashuka, tangi lilikuwa limejaa tu. Kama kimetoka kidogo na bakuli bado limesimama, kizibo kiko juu, chini ya choo. Kama bakuli limejaa, tangi zito, na geti lililofunguliwa halitoi kitu, kizibo kiko chini, kwenye njia ya kutokea.

Kile cha juu ndicho kinachowapata watu wengi. Ni lundo la haja na tishu linaloota chini ya choo mfano wa kichuguu, likapanda hadi likafika kwenye bomba la bakuli. Historia yake karibu daima ni moja: gari limeegeshwa kwenye kambi ya RV yenye shimo la maji taka, na mwenyewe ameacha geti la tangi jeusi wazi akidhani anajipunguzia kazi. Majimaji yanakimbia moja kwa moja shimoni, vigumu vinabaki pale vilipoangukia. Wiki mbili tatu za hivyo zinatosha. Kwa hiyo geti jeusi hukaa limefungwa hadi siku ya kumwaga, hata kama shimo liko hatua moja kutoka kwenye gari.

Kuthibitisha ni rahisi kama bomba lako linashuka wima. Kanyaga kanyagio, mulika tochi ndani. Ukiona rundo kavu likikutazama, umekipata. Ukiona maji yako karibu kabisa, tangi limejaa au njia ya kutokea imeziba. Kama bomba lina kona hutaona kitu, na itabidi uamue kwa dalili za kwenye geti.

Kuondoa lundo kunahitaji uvumilivu kuliko nguvu. Funga geti. Mimina ndoo za maji ya moto kupitia bakuli kadiri yatakavyopita, pamoja na sabuni ya vyombo kidogo. Yawe maji ambayo mkono unaweza kuyavumilia. Yanayochemka yanaweza kupinda mabomba ya plastiki na kuharibu sili. Kwenye magari ambayo lundo limeziba kabisa, maji yatasimama bakulini. Yaache yanyonywe, kisha uongeze. Lala nayo usiku mzima. Asubuhi, sukuma kwa fimbo ya plastiki inayopindika huku mtu mwingine akiwa kwenye geti. Usitumie nondo wala chuma chenye ncha, maana ukuta wa tangi ni plastiki na ukitoboka kazi inakuwa nyingine kabisa. Duka lolote la vifaa vya RV huuza bomba jembamba lenye kichwa kinachorusha maji pande zote, ambalo hufungwa kwenye mpira na kuingizwa kupitia bakuli. Kwa lundo la aina hii, hicho ndicho kifaa ninachokiamini kuliko dawa yoyote. Fungua geti, ingiza bomba hilo, lizungushe pole pole, na rudia kujaza na kumwaga hadi kinachotoka kiwe karibu na maji matupu.

Dawa kali za kuzibua mabomba ya nyumbani usizitumie. Zinakula sili, na zikishindwa kuzibua zinabaki ndani zikimsubiri atakayefungua geti. Dawa za bakteria na vimeng'enya ni salama na zinasaidia kweli, ila zinafanya kazi penye maji na kwa siku kadhaa. Ukizimimina juu ya lundo kavu umezipoteza. Utasikia pia watu wakishauri kumwaga barafu tangini kisha kuendesha gari, eti vipande vinasugua kuta. Barafu inaelea na kuyeyuka. Kinachosafisha katika safari hiyo ni maji yenyewe kupigwa huku na huku, hivyo weka maji na sabuni, uende mwendo wako.

Kizibo cha chini hushughulikiwa kwa kurudisha maji kinyume. Kuna kona ya plastiki angavu, yenye mdomo wa kufungia mpira wa maji, ambayo huwekwa kwenye bomba la kutolea. Unafunga koki ya mbele ya kona hiyo, unafungua geti la tangi, unasukuma maji kuingia tangini kwa sekunde chache, kisha unayaachia yatoke. Hakikisha kwenye bomba la maji la kambi kuna kizuizi cha kurudi nyuma, usije ukachafua maji ya majirani zako. Na kama tangi tayari limejaa, mtu asimame chooni akiangalia bakuli, maana kila lita unayoingiza ina mahali pamoja tu pa kutokea.

Yakishindikana hayo yote, ita mtu mwenye mashine ya maji ya shinikizo. Ni gharama, lakini ni nafuu kuliko kushusha tangi.

Kuhusu tishu: chukua kipande, kitie kwenye chupa ya maji, tikisa, subiri dakika chache. Ikisambaratika, inafaa, hata kama ni ya dukani ya kawaida. Ikibaki vipande, iache. Tishu zenye majimaji za watoto hazifai kamwe, hata pakiti ikisema zinaweza kuflashiwa. Hazisambaratiki, na hunasa kwenye geti.

Harufu

Hapa ndipo watu wanapotumia pesa nyingi bila sababu. Swali la kwanza si harufu ni kali kiasi gani, ni inatokea lini.

Ikiwa inapanda pale tu unapokanyaga kanyagio, angalia feni ya bafuni kwanza. Feni inayotoa hewa nje huvuta hewa kutoka popote inapoweza kuipata, na ukifungua kifuniko cha choo inaivuta kutoka tangini hadi usoni pako. Zima feni, flashi, funga kifuniko, kisha washa tena. Kama feni ilikuwa imezimwa na bado unapigwa na upepo wa harufu, bomba la hewa limeziba. Gesi ya tangi ilitakiwa itoke juu ya paa. Njia ikikosekana, inasubiri mlango wowote ufunguke. Panda paani kwa uangalifu, ondoa kofia ya bomba, na utazame: viota vya ndege, udongo wa nyigu na majani ni vya kawaida. Mimina maji ya mpira kutoka juu usikie kama yanaanguka tangini. Lipo pia kosa la kiwandani ambalo wengi hawalifikirii: bomba la hewa lililotelemka likaingia ndani sana ya tangi. Tangi likifika nusu, mdomo wa bomba unazama kwenye uchafu na hewa haipiti tena. Dalili yake ni harufu inayoanza kila mara tangi linapofika kiwango fulani na kutoweka ukilimwaga. Dawa yake ni kuvuta bomba juu sentimita chache, au kulikata, kisha kuliziba vizuri pale linapopita kwenye paa.

Ikiwa harufu iko bafuni muda wote, tazama kifuniko. Acha maji kidogo bakulini, rudi baada ya saa moja. Yakiwa yametoweka, sili haizuii maji, na isiyozuia maji haizuii gesi. Hiyo nimeieleza chini.

Ikiwa iko jikoni, karibu na sinki, tangi jeusi halihusiki. Chini ya sinki kuna ile kona ya bomba yenye maji. Gari likikaa wiki kadhaa bila kutumika, au likitikisika sana barabarani, maji hayo huisha na gesi ya tangi la kijivu inapita. Mimina glasi ya maji kwenye kila sinki na kwenye shimo la kuogea. Harufu isipoondoka, angalia kifaa kidogo cha plastiki kilichosimama juu ya bomba chini ya sinki. Kazi yake ni kuingiza hewa bila kuitoa. Mpira wake ukikauka unabaki wazi. Hufunguliwa kwa mkono na bei yake ni dola chache. Watu hununua dawa za tangi jeusi mwaka mzima ilhali tatizo lao lilikuwa hiki.

Ikiwa inakuja gari likiwa mwendoni, funga madirisha ya nyuma na matundu ya paa. Dirisha lililo wazi kwenye gari linalokwenda hunyonya hewa kutoka ndani na kuivuta ya tangini kupitia mwanya wowote.

Ikiwa ni harufu ya mayai yaliyooza inayotoka na maji ya moto pekee, nenda kwenye hita ya maji. Baadhi ya hita zina nondo ya magnesiamu inayolinda tangi lisiliwe na kutu, na bakteria waliomo majini wakikutana na salfa hutoa gesi yenye harufu hiyo. Mwaga hita, isuuze, na uangalie hiyo nondo.

Na hapa naomba usome taratibu. Gesi ya kupikia imetiwa harufu kwa makusudi ili uvujaji ugundulike, na harufu hiyo hufanana na ya choo kwa mtu asiyezoea. Ukiwa na shaka hata kidogo, toa watu wote nje, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, na funga mtungi kutoka nje. Betri za asidi zinazochajiwa kupita kiasi nazo hutoa harufu ya mayai yaliyooza. Betri ikiwa ya moto na imevimba, zima chaja na uiache ipoe huku ukiingiza hewa. Usijiambie "ni choo tu" kabla ya kuyaondoa hayo mawili.

Joto lina sehemu yake. Kiangazi cha Texas au Arizona, tangi lililokaa juani hunuka zaidi kwa sababu bakteria wanaotoa gesi hiyo wanastawi kwenye joto na penye hewa kidogo. Ongeza maji, mwaga mapema kidogo, na utumie dawa ya bakteria au ya naitreti. Zile zenye fomaldehaidi zinaua harufu kwa kuua bakteria wote. Kambi nyingi za mashambani zina tangi lao la septiki, na tangi hilo linaishi kwa bakteria, kama yalivyo mashimo ya vyoo vyetu nyumbani. Ndiyo maana baadhi ya kambi zinazikataza, na mimi nazikataa hata pale zisipokatazwa.

Maji hayakai bakulini

Mara nyingi ni kipande cha tishu kilichonasa kwenye ukingo wa kifuniko. Funga maji, fungua kifuniko, vaa glavu, na upitishe kitambaa kuzunguka sili yote, juu na chini, pamoja na kijia ambamo kifuniko kinateleza. Kama mkono unahisi ukwaru, ni chokaa ya maji. Loweka kwa siki nyeupe kwa saa chache, kisha usugue kwa brashi laini. Maliza kwa kupaka mafuta ya silikoni. Usipake vaselini: ni ya petroli, na mpira wa sili huvimba na kulegea.

Sili ikiwa imechanika au imekuwa ngumu, nunua mpya inayolingana na namba ya choo chako. Vya kampuni za Thetford na Dometic ndivyo vilivyo vingi, na namba yake huwa kwenye kibandiko kilichobandikwa kwenye choo chenyewe, mara nyingi nyuma au chini. Kwa baadhi ya aina sili inatoka kwa juu bila kung'oa choo. Kwa nyingine lazima ukiinue, na ukiinua badilisha pia gasketi ya sakafuni kwa safari hiyo hiyo.

Maji sakafuni, maji yasiyokoma, maji yasiyokuja

Kausha sakafu kabisa, zungusha tishu kavu kuzunguka kitako cha choo na nyuma yake, halafu usiguse kitu kwa nusu saa huku maji yakiwa yamewashwa. Tishu ikilowa bila mtu kuflashi, ni vali ya maji au kiungo cha bomba linaloingia. Vali hizi ni za plastiki na hupasuka kwa baridi. Ukiona uvujaji masika baada ya gari kukaa nje msimu wa baridi, karibu una jibu tayari. Ikilowa wakati wa kuflashi tu, na maji ni safi, yanatoka juu nyuma ya bakuli: hicho ni kile kifaa kinachozuia maji ya bakuli yasivutwe kurudi kwenye bomba la maji safi. Kibadilishe, usikizibe kwa gundi. Ikilowa baada ya kuflashi na maji yananuka, ni gasketi ya sakafuni. Kaza boliti mbili za kitako kidogo kidogo, upande huu kisha ule. Ukizikaza kwa hasira kitako kinapasuka. Zisipotosha, inua choo na ubadilishe gasketi.

Uvujaji wa hapa usiucheleweshe. Sakafu ya RV nyingi ni mbao nyembamba zilizobanwa, zikilowa zinavimba na kuoza kimya kimya chini ya zulia la plastiki.

Maji yasiyokoma kuingia bakulini ni dharura. Yataliingia tangi, lijae, kisha yapande bafuni. Funga maji ya nje kwanza. Mara nyingi punje ya mchanga imekaa kwenye vali, au kanyagio halirudi hadi juu kwa sababu kifuniko kimekwama. Maji yasiyokuja kabisa, wakati mabomba mengine yana maji, elekeza macho kwenye kichujio kidogo kilicho mdomoni mwa vali ya choo; safisha kwa mswaki wa zamani. Na kama shinikizo la kambi ni kubwa, vali na viungo vyote vinateseka, kwa hiyo weka kipunguza shinikizo cha 40 hadi 50 psi pale mpira unapoungana na bomba la kambi.

Taa zinasema limejaa, nawe umelimwaga sasa hivi

Kwenye ukuta wa tangi kuna vichwa vidogo vya chuma. Uchafu wa majimaji ukifika kwenye kichwa, umeme mdogo hupita na taa huwaka. Tishu au ukoko wenye unyevu ukiganda juu ya kichwa, taa haizimi tena. Kusafisha vizuri kwa bomba la kurusha maji, kisha safari na maji na sabuni ya vyombo tangini, kunasaidia kwa muda. Ukoko hurudi. Wanaochoka huweka vipimo vya kubandika nje ya ukuta wa tangi, ambavyo havigusi uchafu.

Binafsi nisingezitegemea taa hizo hata zikiwa mpya. Jua familia yako inajaza tangi kwa siku ngapi, mulika tochi bakulini, na usikilize sauti ya maji yanapoanguka: tangi tupu linaitikia kwa mwangwi, lililokaribia kujaa linatoa sauti fupi.

Geti gumu, geti linalovuja

Ukifungua kofia ya nje na uchafu ukamwagika kabla hujagusa mpini, geti halifungi. Mara nyingi tishu imejaa kwenye kijia linamoingia. Unganisha bomba, jaza tangi maji nusu, kisha fungua na kufunga mara kadhaa kwa haraka huku maji yakipita, yaoshe kijia. Mpini mgumu upulizie mafuta ya silikoni kwenye fimbo yake. Kama geti lako huvutwa kwa waya mrefu, angalia waya wenyewe. Hushika kutu na kukatika.

Kubadilisha geti hakuhitaji fundi mkubwa. Tangi likiwa tupu na limesuuzwa, ondoa boliti nne, toa geti pamoja na sili zake mbili, weka jipya. Kinachowaangusha watu ni sili inayojikunja wakati wa kulisukuma geti mahali pake. Itelezeshe taratibu, kisha jaza maji na uangalie kabla ya kusafiri. Ukiwa njiani na huna muda, lipo geti la muda linalozungushiwa nje kwenye mdomo wa bomba. Litakufikisha.

Siku ya kumwaga

Subiri tangi lifike theluthi mbili. Likiwa na kidogo, hakuna nguvu ya maji ya kuvuta vigumu. Kama limepungua na lazima uondoke, liongezee maji. Anza na jeusi, liachie lote litoke, lisuuze, kisha fungua la kijivu ili maji yake ya sabuni yaoshe bomba. Kama gari lako lina mdomo wa kuoshea tangi kwa ndani, geti liwe wazi muda wote unaoutumia, na usiondoke hata kwenda kuchukua simu. Geti likiwa limefungwa, tangi linajaa, maji yanatokea paani kupitia bomba la hewa au tangi linapasuka.

Ukimaliza, funga mageti na urudishe galoni mbili tatu za maji safi kwenye tangi jeusi pamoja na dawa yako. Usilitumie tangi likiwa kavu.

Kumwaga ardhini au kwenye mfereji wa mvua ni kosa la jinai katika majimbo mengi, na ni kumpelekea mwenzako kipindupindu na minyoo. Vituo vikubwa vya malori vingi vina sehemu ya kumwagia kwa ada, na jimbo la Washington lina sehemu hizo kwenye baadhi ya vituo vyake vya mapumziko ya barabara kuu.

Msimu wa baridi

Chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, au 32 za Farenhaiti, geti lililojaa uchafu huganda kabla ya tangi lenyewe. Unayeishi ndani ya gari Minnesota au Ontario unahitaji pedi za kupasha joto chini ya tangi na kwenye kona za bomba, na bomba la kumwagia lisiachwe na maji ndani. Anayeegesha gari hadi masika amwage vyote, kisha amimine kupitia bakuli kile kimiminika cha waridi cha RV cha kuzuia maji yasigande, chenye propilini glaikoli, kiasi kidogo kibaki bakulini kulainisha sili. Cha injini ya gari ni sumu, hakiingii humu. Geti likiwa limeganda, usilivute kwa nguvu wala kulichoma kwa moto. Kifaa cha kukaushia nywele na subira vinatosha.

Ukienda kununua RV iliyotumika

Muuzaji atakuonyesha jiko na televisheni. Wewe omba maji. Jaza bakuli uache, uone kama yanakaa hadi utakapomaliza kukagua sehemu nyingine. Kanyaga sakafu kuzunguka choo kwa kisigino. Ikibonyea, mbao zimeoza. Mulika ndani ya tangi. Mwombe aweke galoni kumi za maji humo, kisha ingia chini ya gari na tochi baada ya nusu saa utafute matone, na mwisho ufungue kofia ya nje pole pole huku umesimama pembeni. Sili na geti ni vitu vya dola kadhaa na mchana mmoja wa kazi. Tangi lililopasuka ni la kushushwa, na sakafu iliyooza ni ya kung'olewa, kwa hiyo bei ya gari ishuke kwa kadiri hiyo au uondoke na pesa yako.